Akimbiaye na Akimbiliaye

Kwenye pwani ya Kona, upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa cha Hawaii, ipo njia fupi ya miguu iitwayo Njia ya 1871. Huanzia Hōnaunau, ikaambaa na bahari kuelekea kusini, ikaishia kwenye magofu ya kijiji cha Kiʻilae. Kwenda ni kilomita moja na nusu na ushei. Kwenda na kurudi hazitimii nne. Mtu mwenye afya, aliyevaa raba zake na kubeba chupa ya maji, huimaliza kwa mbio za pole asubuhi, kabla jua halijaligeuza jiwe jeusi kuwa kikaango.

Jiwe lenyewe ni lava iliyomwagwa na mlima Mauna Loa, wenye urefu wa mita 4,169 kutoka usawa wa bahari, uliolipuka tena mwezi Novemba 2022. Msomaji wa Unguja au Lamu amezoea jiwe jeupe la matumbawe, lililojengwa na viumbe vidogo vya baharini kwa maelfu ya miaka. Msomaji wa Ngazidja, aliyekulia chini ya Karthala, ndiye atakayelitambua la Kona bila ya kuelezwa. Wahawaii wana majina mawili ya lava iliyopoa. Ile iliyolala laini, imekunjamana mithili ya kamba zilizopangwa, huitwa pāhoehoe. Ile iliyovunjika vipande vyenye ncha za kukata huitwa ʻaʻā. Akimbiaye juu ya ile ya kwanza huweza kuinua macho akatazama bahari. Akimbiaye juu ya hii ya pili hutazama miguu yake tu.

Pale njia inapoanzia, upande wa bahari, umesimama ukuta mkubwa wa mawe yaliyopangwa bila ya chokaa wala saruji. Urefu wake hukaribia mita 300, kimo chake hupita mita 3, na upana wake hupita mita 5. Ukuta huu ulijengwa kabla Wazungu hawajavijua visiwa hivyo. Nyuma yake ni Puʻuhonua o Hōnaunau, mahali ambapo aliyevunja sheria na kustahili kufa aliweza kuingia akawa salama. Hivyo basi, pale anapoanzia mbio mkimbiaji wa leo ndipo walipomalizia mbio zao watu wa kale. Wa leo anakimbia ili aongeze umri. Wa kale alikimbia ili asife siku ile ile. Je, mbio hizi mbili ni kitu kimoja? Na je, ni haki msamaha kuwa tuzo ya miguu?

Kiswahili kina zana nzuri za kulipima swali hili. Kutoka kitenzi kimoja, kukimbia, lugha imezaa jamaa nzima. Anayekimbia huenda anafanya mazoezi, au huenda anamkimbia mtu. Kitenzi peke yake hakisemi. Akimbiliaye ana mahali mbele yake. Akimbizaye ana mtu mbele yake. Aliyekwisha kupoteza kwake huitwa mkimbizi, na mahali pa kumpokea huitwa kimbilio. Anayetaka kulitia neno puʻuhonua katika Kiswahili hahitaji kuliazima wala kulieleza kwa sentensi ndefu: ni kimbilio. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walilijua hilo walipoandika habari za miji ya makimbilio, ambamo aliyeua bila kukusudia alijihifadhi asiuawe na mlipiza kisasi. Na Waislamu wanajua kuwa eneo la Haram ya Makka ni mahali pa amani kwa kila aingiaye. Wazo la kwamba ardhi yenyewe yaweza kusema "basi" kwa mwenye upanga si la Hawaii peke yake.

Sheria iliyowakimbiza watu wa Hawaii iliitwa kapu. Neno hilo lisimpeleke msomaji kwenye kapu la ukindu. Ni bahati ya sauti tu, kama ilivyo bahati kwamba mtaalamu wa ibada huko huitwa kahuna na Waswahili wana kuhani. Maana yake iko karibu na mwiko, na hapa Kiswahili kinasaidia tena, kwa kuwa mwiko ni katazo na pia ni chombo cha kusongea ugali. Makatazo mengi ya kapu yalikuwa ya chakula. Wanaume na wanawake hawakula pamoja. Mwanamke hakuruhusiwa kula nyama ya nguruwe, nazi, wala ndizi za aina nyingi. Samaki walikuwa na misimu yao, na avuaye nje ya msimu alikuwa mkosaji. Raia hakutakiwa kukiacha kivuli chake kimwangukie chifu mkubwa. Adhabu ya makosa mengi ya namna hiyo ilikuwa kifo.

Ni rahisi kwa mtu wa leo kuwalaani waliokimbiza. Lakini atazame kwanza ardhi waliyoisimamia. Waliamini kuwa kosa lisilolipwa huwakasirisha miungu, na miungu hujibu kwa moto wa mlima, kwa tetemeko, kwa mawimbi makuu ya bahari na kwa njaa. Hayo hayakuwa mambo ya hadithi kwao. Waliyaona kwa macho. Mwaka 1950, zama za redio na magari, lava ya Mauna Loa ilishuka upande huo huo wa Kona ikafika baharini kwa muda wa saa chache. Mtu aliyeamini kwamba ndizi moja iliyoliwa na asiyestahili ingeuteremsha mto wa namna hiyo juu ya watoto wake, hakumkimbiza mkosaji kwa chuki. Alimkimbiza kwa hofu. Basi katika mbio zile wote wawili walikuwa wakikimbia kitu kimoja. Mmoja aliikimbia hofu kwa kwenda mbele yake, na mwingine kwa kumfukuza mwenzake.

Hapo ndipo ukubwa wa ukuta unapoonekana. Ukuta ulimlinda mkosaji, lakini pia uliwapumzisha waliomkimbiza. Mkosaji akishaingia, kahuna alifanya ibada ya kumsafisha, na kwa mujibu wa masimulizi hakukaa muda mrefu. Baada ya saa chache, au siku ya pili, alitoka akarudi kwao. Alirudi kwa majirani wale wale waliokuwa na mikuki jana, na hapakuwa na wa kumgusa, kwa sababu deni lilikuwa limekwisha kulipwa na miungu imeridhika. Wakati wa vita, wanawake, watoto, wazee na hata askari walioshindwa walipata hifadhi humo. Tafakari ni sheria ngapi za dunia, zinazojiita za upole kuliko kapu, zinazoweza kutenda hilo la kumrudisha mtu kwao akiwa safi. Mfungwa aliyemaliza kifungo chake, katika nchi nyingi, hubeba kosa lake katika daftari na kompyuta mpaka kaburini. Ametoka gerezani, lakini hajafika popote.

Hata hivyo sifa hii isitufumbe macho. Kimbilio la Hōnaunau lilikuwa na mlango, lakini mlango ulikuwa mbali, na njia ya kuufikia ilikuwa ni mtihani wa mwili. Viwanja vya chifu mkuu vilipakana na ukuta, na raia wa kawaida hakuruhusiwa kuvikatiza. Kwa hiyo wengi, husimuliwa, walilazimika kuingia majini na kuogelea ghuba. Wengine walikuja na pwani, juu ya lava. Sasa fikiria ni nani aliyefika. Alifika kijana mwenye pumzi. Alifika aliyejua kuogelea katika mawimbi. Alifika aliyekuwa karibu. Je, bibi kizee? Je, mjamzito? Je, kiwete aliyekata kivuli cha chifu kwa sababu hakuweza kuondoka njiani upesi? Kosa la hawa lilikuwa sawa na la yule kijana, au lilikuwa dogo zaidi, lakini msamaha haukuuliza ukubwa wa kosa. Uliuliza kasi.

Mtetezi wa mila ile anaweza kujibu kwamba mbio zenyewe zilikuwa toba. Aliyetupa kila kitu akayatia maisha yake yote katika miguu yake ameonyesha kuwa anauthamini uhai na anaitambua sheria, asingeitambua, asingeikimbia. Na tena, miungu ndiyo iliyomchagua: aliyefika ni aliyeruhusiwa kufika. Jibu hili lina uzito, wala si la kudharauliwa. Ila lina tundu moja. Hoja ya kuwa aliyefika ndiye aliyestahili kufika ni hoja ya kila mwenye nguvu mahali popote. Tajiri huisema juu ya mali yake, na mshindi juu ya ushindi wake. Na waliobaki njiani hawasemi kitu, kwa sababu waliobaki njiani hawana masimulizi.

Jambo hili halikuishia Kona. Katika lugha hii, neno mkimbizi limesikika sana tangu 1994, watu wa Rwanda walipovuka mipaka, na baadaye Warundi na Wakongo walipovuka Ziwa Tanganyika kuja Kigoma. Kila kambi huwa na hesabu. Hesabu hiyo ni ya waliofika. Mzee aliyeachwa kitandani kwa kuwa hawezi kubebwa, mtoto aliyechoka katikati ya safari, hao hawamo katika daftari lolote, ingawa kama kuna waliohitaji kimbilio kuliko wote, ndio hao.

Historia ya Hawaii yenyewe ililijua tundu hilo, na habari mbili za nchi ile zinaonyesha namna mbili za kuliziba.

Habari ya kwanza ni ya Kaʻahumanu, mke mpendwa wa Mfalme Kamehameha wa Kwanza. Masimulizi yanasema kuwa aligombana na mumewe, akatoroka, akaogelea mpaka Hōnaunau, akajificha chini ya jiwe kubwa ambalo wageni huonyeshwa hadi leo. Mbwa wake alibweka, naye akagunduliwa, wakapatana. Kamehameha alifariki mwezi Mei 1819. Kabla mwaka ule haujaisha, Kaʻahumanu akiwa kiongozi pamoja na mfalme mpya Liholiho, mfalme aliketi na wanawake akala nao mbele ya watu. Mlima haukulipuka kwa hasira, na bahari haikuinuka. Kwa chakula kimoja kapu ikaanguka, na kimbilio likabaki bila kazi, kwa kuwa lilikosa wa kumkimbilia. Mwaka 1829 Kaʻahumanu aliamuru ivunjwe Hale o Keawe, nyumba ya mifupa ya machifu iliyokuwa ikiupa mahali pale utakatifu wake. Nyumba inayoonekana sasa ilijengwa upya katika karne ya 20, baada ya eneo hilo kufanywa hifadhi ya taifa ya Marekani.

Mwanamke aliyewahi kujificha kimbilioni ndiye aliyelifunga. Yaonekana ni jambo la kushangilia: aliyeondoa kosa ameondoa haja ya msamaha. Lakini makosa hayakuisha duniani. Kaʻahumanu, akisha kuingia dini ya wamisionari, alitangaza makatazo mapya, na mwaka 1830 hata ngoma ya hula ilipigwa marufuku hadharani. Adhabu za sheria hizo mpya hazikufanana na mikuki ya kale. Ila sheria hizo zilikuja bila ya ukuta. Funzo lake ni kuwa kuvunja mwiko ni rahisi kuliko kuacha kuweka mwiko. Na anayevunja kimbilio la zamani aangalie kama amejenga jingine.

Habari ya pili ni ya Kamehameha mwenyewe, na imeanza kwa mbio. Alipokuwa bado kijana mpiganaji, alishuka pwani ya Puna, upande wa pili wa kisiwa kile kile, akawakimbiza wavuvi wasio na hatia. Katika kukimbiza, mguu wake ulizama katika ufa wa lava ukanasa. Mvuvi mmoja aligeuka, akampiga kichwani kwa kasia hata kasia likapasuka, kisha akakimbia. Angeweza kumuua; hakumuua. Miaka ilipita, Kamehameha akawa mtawala, na wavuvi wale wakaletwa mbele yake kuhukumiwa. Badala ya kuwaua, alikiri kwamba kosa lilikuwa lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyewashambulia watu wasiomkosea. Mwaka 1797 ilitangazwa sheria iitwayo Kānāwai Māmalahoe, Sheria ya Kasia Lililopasuka. Maana yake ni kuwa mzee, mwanamke na mtoto waweze kulala kando ya njia bila ya kudhuriwa na yeyote. Sheria hiyo imetajwa katika katiba ya jimbo la Hawaii tangu 1978, na wapo wanaoikumbusha wanapowatetea watu wasio na makao.

Hebu izingatiwe tofauti ya sheria hii na ukuta wa Hōnaunau. Ukuta unasema: fika hapa, utakuwa salama. Kasia linasema: lala hapo ulipo, u salama. Ya kwanza imemtazama akimbiaye. Ya pili imemtazama asiyeweza kukimbia, na haikuchagua jumba wala kisiwa kitakatifu. Imechagua njia, mahali ambapo kila mtu hupita na hapana mwenyewe. Na aliyeileta ni mkimbizaji aliyenaswa na ardhi. Alipata kujua, kwa muda mfupi, hali ya mtu ambaye miguu yake haimfai kitu huku mwenye silaha amesimama juu yake. Elimu hiyo haikumfikia kwa kushinda mbio. Ilimfikia kwa kusimamishwa.

Sasa arudiwe mkimbiaji wa asubuhi. Wako watakaosema kuwa kukimbia kwa starehe mahali ambapo watu walikimbilia roho zao ni utovu wa adabu, kama kucheza makaburini. Ni neno la kusikilizwa ndani ya ukuta. Lakini njia si kaburi. Njia hii iliwabeba wavuvi na wakulima kwa vizazi vingi. Iliwabeba pengine na kūkini, matarishi wa machifu waliozoezwa mbio tangu ujana, ambao walipeleka habari na kushindanishwa kwa dau. Zamani ilikuwa njia ya mtu nyuma ya mtu. Palipokuwa na ʻaʻā, watu waliweka mawe laini ya baharini ya kukanyagia. Farasi walipoletwa visiwani, mwaka 1803, njia za pwani zilianza kupanuliwa, na kwenye majabali ya Keanaʻeʻe ukajengwa mteremko wa mawe uitwao Alahaka ili wanyama waweze kupanda. Matengenezo ya 1871 ndiyo yaliyoipa njia hii jina lake. Njia inayotengenezwa na kila kizazi kwa mahitaji yake haitukanwi na mtu anayeitumia kwa mahitaji yake ya leo.

Wala asidhani mkimbiaji huyo kuwa yeye hakimbii kitu. Daktari amemtajia sukari na shinikizo la damu. Umri unamfuata nyuma kwa hatua zisizochoka. Anapofika juu ya Keanaʻeʻe, lava ya kale imening'inia kwenye jabali kama shuka lililosahauliwa, na chini yake ni bahari. Pale ndipo Mswahili angekumbuka kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kwa mauti hapana ukuta wala kahuna. Tofauti yake na mkosaji wa kale ni kwamba yeye amepewa nafasi ya kukimbia bila ya kukimbizwa na binadamu mwenzake. Hiyo ni neema kubwa kuliko afya anayoitafuta, na haikutoka katika miguu yake. Imetoka kwa watu waliokubali, mmoja baada ya mwingine, kuacha kukimbiza.

Neema hiyo ina deni. Deni lake si kuacha kukimbia, wala kukimbia kwa huzuni. Ni kutambua kuwa wema wa njia haupimwi kwa kasi ya apitaye, bali kwa usalama wa aliyekaa. Mji wenye barabara nzuri za mazoezi, ambamo mzee anaogopa kuketi barazani usiku, bado haujafika Puna ya 1797. Nchi iliyo na sheria ya msamaha, ambayo haki yake huipata mwenye nauli, mwenye wakili na mwenye pumzi, bado iko ndani ya mbio za Hōnaunau, na pengine imepungukiwa na ukuta.

Huko Kiʻilae njia inafika kwenye misingi ya nyumba zisizo na watu. Wakaazi wake hawakukimbizwa. Walihama kidogo kidogo, wakifuata maisha mapya na barabara mpya, hata katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kijiji kikabaki mawe. Mkimbiaji hugeuka hapo. Wakati wa kurudi jua limepanda na njia imeanza kupata watu: wavuvi, watalii, familia zenye watoto. Huenda mzee mmoja amechoka, akaketi katikati ya njia juu ya jiwe, fimbo yake imelala mbele yake. Upande mmoja kuna bahari na upande mwingine kuna ʻaʻā, na nafasi ya kupita ni ya mtu mmoja.

Kukimbia kote kwa asubuhi ile, na historia yote ya pwani ile, vinaamuliwa katika hatua tatu zinazofuata. Mkimbiaji apunguze mwendo, atembee, na amzunguke mzee kwa upande wa mawe makali.